Ukuta Uliokatazwa Maji

Ukuta ulikuwa mkavu. Hilo hata adui angekubali. Ungeweza kuusugua kwa kiganja kutoka sakafuni hadi juu na usipate dalili ya unyevu, wala ile chumvi nyeupe iliyokuwa ikichipuka kwenye kuta za chumba cha zamani na kudondokea mito ya kulalia. Ndiyo maana siku mwanawe aliporudi kutoka kwenye ujenzi wa maghala, Bibi hakumpa hata nafasi ya kuvua viatu. Alimshika mkono, akamwingiza chumba kipya na kumsimamisha mbele ya ukuta.

"Gusa," alimwambia. "Gusa vizuri. Usiguse kama unaogopa kuuchafua."

Mwanawe akagusa. Alikuwa mwashi, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wanabahatisha. Alitazama pembe, akatazama dirisha, akafumba jicho moja kuona kama ukuta umepinda. Haukupinda hata kidogo.

"Safi," alisema.

"Kajenga nani?"

"Si ni mke wangu?"

"Mkeo na mimi," alisema Bibi. "Yeye kashika mwiko, mimi nimesimamia."

Mke wa Fundi alikuwa mlangoni, mikono kifuani, anajitahidi asitabasamu. Kazi aliijua kwa kumbebea mumewe udongo wa saruji siku zile hawakumudu kibarua. Fundi alimtania kwa kumwita Saidia, naye aliitika huku jicho likiwa kwenye mikono ya mumewe. Fundi alipoitwa kwenye maghala na kukiacha chumba cha mama yake kikiwa msingi na kozi ya kwanza, mstari mmoja tu wa tofali, mkewe alishika mwiko mwenyewe. Watu wa mtaa walicheka. Walicheka zaidi walipomwona akizunguka nyuma ya maduka ya vyombo vya umeme, akiokota yale mapovu meupe ya kufungashia televisheni na kuyabeba kichwani. Wakampachika jina la Mama Povu, na hata watoto wakalishika.

Sasa chumba kilikuwa kimesimama, na waliocheka walikuwa wamekuja mmoja mmoja kupapasa ukuta. Mapovu yote yalikuwa mle ndani, katikati ya tofali za nje na matofali membamba ya ndani, yakizuia baridi. Mama Saluni, jirani wa ng'ambo ambaye nyumba yake nayo ilikuwa inavuja jasho, alikuwa ameshashusha tofali getini kwake. Alimtaka Mama Povu huyo huyo, si mumewe, amjengee ukuta wa namna hiyo hiyo. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kwa mtu baki, na tangu apate habari hiyo alikuwa anatembea akiwa ameinua kidevu kidogo.

Upepo ukaupiga mlango, ukajifunga kwa kishindo. Dirishani kulikuwa na glasi ya maji ambayo Bibi humezea dawa zake za kifua. Maji yakatikisika, na yakaendelea kutikisika hata kishindo kilipokwisha kusahaulika. Fundi aliyatazama mpaka yakatulia.

"Hebu fungua mlango," alimwambia mkewe, "halafu uubamize tena."

"Ya nini?"

"Ubamize tu."

Akaubamiza. Maji yakatikisika vilevile. Fundi akasogea, akaweka bega kwenye ukuta wa mama yake na kusukuma, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu mlango asiojua kama umefungwa. Kisha akachuchumaa na kupitisha ukucha kwenye plasta. Kulikuwa na ufa mwembamba uliolala, umenyooka kama umepigwa kwa rula, kutoka pembe moja hadi ya pili. Juu yake, usawa wa dirisha, palikuwa na mwingine.

"Mama," alisema polepole, "wewe na mtoto mnalala humu?"

"Tunalala kama malaika," alijibu Bibi. "Tangu tuhamie, mjukuu wangu hajaamka akikohoa hata mara moja."

Fundi alimwashiria mkewe watoke nje.

Nyuma ya nyumba alichukua nyundo na patasi, akabandua plasta kidogo usawa wa ufa wa ndani. Ndani ya kiungo, mahali ambapo udongo wa saruji ungekuwa umeshika tofali la chini na la juu, kulikuwa na nailoni inayong'aa. Fundi aliivuta ncha. Ilikuwa na maandishi ya kampuni ya magodoro.

"Hii ni nini?"

"Nailoni. Ya godoro jipya la Mama. Tuliiosha."

"Umeiweka wapi na wapi?"

"Kila baada ya kozi chache. Mpaka juu."

Fundi akashusha pumzi, akakaa juu ya ndoo. Alichomeka ncha ya mwiko kwenye kiungo, nao ukateleza juu ya nailoni bila kukwama popote. Akautoa, akauchomeka tena pembeni kidogo, ukateleza tena. Alimwachia aone mwenyewe, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa.

"Maji yanazuiwa, sawa," alisema mwishowe. "Lakini na tofali nazo zimezuiwa zisishikane. Huu si ukuta mmoja. Ni vipande vimepangwa kimoja juu ya kingine, na kila kimoja kimekalia utelezi."

"Hata chini kwenye msingi uliiweka wewe mwenyewe. Mbona hiyo si utelezi?"

"Kule chini hatuna budi, maji yanapandia huko. Na hata hivyo tunailaza katikati ya udongo, udongo chini, udongo juu, tena ile nailoni yenye mikwaruzo, na ukuta wote unaikandamiza kwa uzito. Huku juu unaikandamiza nini? Kozi chache na bati." Aligonga ukuta kwa mpini wa mwiko. "Na matofali ya ndani? Umeyafunga na ya nje kwa waya?"

"Waya gani?"

"Povu halishiki kitu. Ngozi mbili hizo za ukuta, ya nje na ya ndani, kila moja imesimama peke yake, na ya ndani imeshaanza kutuna. Lazima zifungwe, waya unapita katikati ya povu, unaingia huku na huku."

Mkewe alikuwa anautazama mkono wake, kucha zilizoliwa na saruji. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu ikapanda hasira, na hasira ndiyo iliyowahi kufika mdomoni.

"Fundi," alisema, "nilikupigia simu. Nikakuuliza kuhusu nailoni. Mama akanipokonya simu, akakuuliza tuongeze, ukasema ongezeni tu. Akakuuliza tena wiki iliyofuata, ukasema ongezeni tu, Mama."

"Nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi. Unamjua Mama akianza habari za unyevu."

"Namjua. Na wewe unanijua. Miaka yote nimekubebea udongo, umenifundisha kamba, timazi, pimamaji. Hujaniambia hata siku moja nailoni inafanya nini. Ulisema niweke, nikaweka. Ningejuaje kwamba nzuri ikizidi inaua?"

Kwa vile Fundi alikuwa mtu wa haki, ingawa haki yake ilikuwa inachelewa, alisema, "Hapo umenishika."

Akaokota kipande cha udongo wa saruji kilichodondoka na kukiminya kati ya vidole viwili. Kikasagika kama mchanga mkavu.

"Na hiki? Ukuta mliumwagilia maji?"

Mkewe hakuhitaji kujibu, kwa sababu Bibi, aliyekuwa amejibanza dirishani akisikiliza kila neno, alijibu kwa niaba yake.

"Maji ya nini?" aliuliza. "Mimi ndiye nilikataza. Tunajenga ukuta mkavu halafu tuumwagie maji? Mkeo alitaka kumwagia, nikaficha ndoo."

Bibi alikataa kutoka. Alikaa kitandani, akakunja miguu, akajifunika shuka hadi kiunoni. Umri wake wote alikuwa amelala kwenye vyumba vinavyolia maji, alisema. Alikuwa ameugulia kwenye unyevu, amezalia kwenye unyevu, amemzika mumewe akitokea kwenye unyevu. Sasa amepata pakavu, wanakuja watu na patasi kumwambia pakavu si pazuri.

"Mama, utaanguka," alisema Fundi. "Ukuta, namaanisha."

"Uanguke. Afadhali nife mkavu."

"Na mtoto je?"

Bibi akageuza uso. Hilo lilikuwa pigo la chini kidogo na Fundi alijua, lakini hakulirudisha.

"Mtoto akalale kwenu," alisema Bibi. "Mimi siendi kule kwenye kuvu. Mvua ziko mlangoni. Nikirudi kule nitakohoa mpaka mapafu yatoke. Mkishabomoa, mtajenga lini? Wewe unarudi kwenye maghala keshokutwa. Huyu atajenga na nani?"

"Peke yangu," alisema mkamwana wake.

"Kama ulivyojenga huu?"

Bibi alijuta hapo hapo, ilionekana usoni, ila hakuwa mwanamke wa kurudisha neno lililokwisha kutoka. Mke wa Fundi alikwenda kukaa pembeni ya kitanda. Akaishika miguu ya mama mkwe wake, ambayo kwa mara ya kwanza tangu amjue ilikuwa na joto.

"Kama nilivyojenga huu, Mama, ila safari hii najua. Nikikuacha humu na mvua ikaja na upepo wake, sitalala. Nitakuja kukaa hapa hapa ukutani niusukume usiangukie ndani. Sasa chagua, mimi nibomoe kesho ukiwa nje, au nije nilale hapa na wewe tuangukiwe wote, mtoto abaki na baba yake asiyejua hata kumsuka."

Bibi alikuwa anampenda, jambo ambalo aliwaambia watu wote isipokuwa mkamwana mwenyewe.

"Mnichukulie na godoro langu," alisema mwishowe. "Lisilowe."

Walipotoka, Fundi alimvuta mkewe kando.

"Tuseme tunakipanua," alisema kwa sauti ya chini. "Chumba kimekuwa kidogo, tunakipanua. Nani atajua? Tofali za Mama Saluni zimeshashushwa. Akisikia ukuta ulikuwa mbovu, hiyo kazi huipati, na nyingine huipati. Jina lako ndiyo kwanza limeota."

Kwa dakika nzima mkewe alitamani kukubali. Aliliona geti la ng'ambo na tofali zimepangwa vizuri, zikimsubiri yeye.

"Nikisema tunapanua," alisema, "atataka nimjengee kama huu. Ndio anaoutaka, keshaupapasa. Ana watoto wanaolala upande wa ukuta."

"Basi umjengee tofauti."

"Na akiniuliza kwa nini tofauti?"

Fundi akakuna kidevu. Akaenda kutafuta nguzo za kushikizia paa.

Asubuhi walishikiza paa kwa nguzo za mbao, wakatoa kitanda, wakaanza. Fundi alipanda juu, mkewe akasimama chini nje kupokea tofali. Mtaa hauhitaji mwaliko kwa mambo kama hayo. Nyundo ya kwanza ilipolia, watu walikuwa wameshajaa uani, wengine na mswaki mdomoni. Mama Saluni alikuja akiwa bado na rola kichwani.

"Mbona mnabomoa?"

Fundi alimtazama mkewe. Bado alikuwa tayari kusema neno lile la kupanua.

"Ukuta ni mbovu," alisema mkewe. Alilisema kwa sauti ya kusikika, akaendelea kupokea tofali. "Nimeweka nailoni nyingi, tofali hazikushikana. Ni kosa langu."

"Ukuta huu? Niliougusa mimi?"

"Huo huo."

"Na ndio ulikuwa unakuja kunijengea mimi?"

"Ningekuja kukujengea huu huu, Mama. Sikujua."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akasema Mama Povu kajenga povu. Wengine wakadakia. Mama Saluni hakucheka. Midomo yake iliungana, akatazama ng'ambo kwenye tofali zake na kurudi kuutazama ukuta.

Fundi alikuwa ameshatoa kozi za juu. Alishuka kuhamisha ngazi, akaiegemeza, na ngazi ilipogusa tu, sehemu yote ya juu, kuanzia usawa wa dirisha, ikajongea. Haikupasuka. Ilijongea nzima, kwa mlio wa kukwaruza, kama droo inayosukumwa ndani. Ikafika ukingoni, ikainama, ikaangukia chumbani kwa kishindo kilichotetemesha ardhi chini ya miguu ya watu. Vumbi jeupe likapanda, na vipande vya povu vikaruka juu ya vichwa.

Vumbi lilipotulia, Bibi alisogea kutazama ndani. Sakafuni, mahali kitanda chake kilipokuwa kimesimama, hata alama za miguu yake hazikuonekana. Lilikuwa limelala hapo rundo la tofali kufika magotini. Upande aliokuwa analala mtoto ndio uliokuwa na rundo kubwa zaidi.

Hakuna aliyecheka tena. Bibi aliokota kipande cha udongo wa saruji, akakiminya kama alivyomwona mwanawe akifanya, kikamsagikia kiganjani. Akabaki ameushikilia ule mchanga. Mama Saluni akaondoka bila kuaga.

Fundi alirudi kwenye maghala. Kabla ya kuondoka alikaa na mkewe juu ya mafungu ya tofali na kumweleza kila kitu alichokuwa amekifanya maisha yake yote bila kukieleza, na kila alipofika mahali pa kusema "basi unaweka tu", mkewe alimkatiza na kuuliza kwa nini. Mara mbili tatu Fundi aligundua kwamba hajui, akalazimika kumpigia simu mzee aliyemfundisha.

Siku iliyofuata mke wa Fundi alikwenda duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji alikuwa amesikia. Habari kama ile hufika dukani kabla ya mteja.

"Nataka nailoni ya msingi, ile yenye mikwaruzo," alisema. "Na waya wa kufungia ngozi mbili za ukuta, usioshika kutu."

"Mwambie fundi aje mwenyewe," alisema muuzaji, akiendelea kupanga misumari. "Vitu hivi vinataka anayejua."

"Fundi ndiye huyu."

"Wewe si Mama Povu?"

"Ndimi. Nikatie kipande cha kutosha kozi moja tu. Nikikuta kimeteleza kama cha magodoro nitakirudisha."

Wateja wengine wakageuka. Uso ulimwaka moto, lakini hakuondoka kwenye kaunta. Aliomba aoneshwe nailoni, akaipitishia ukucha, akaikunja, akaikataa ya kwanza. Muuzaji akaleta nyingine kimyakimya. Njiani kurudi alilia kidogo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamtazama, halafu akajifuta kwa mkono wenye saruji na macho yakamwasha mpaka nyumbani.

Mvua zikaanza. Alijenga chini ya turubai, akisimama inapozidi na kuendelea inapopungua. Chumba cha zamani kilikuwa jirani, na kupitia ukuta ule mbovu wa zamani alimsikia Bibi akikohoa. Kila kikohozi kilimwambia aharakishe. Hakuharakisha. Alitandika udongo wa saruji juu ya msingi, akalaza nailoni, akatandika udongo tena, na hiyo ikawa ya kwanza na ya mwisho. Kila baada ya kozi kadhaa alitoboa povu na kupitisha waya, akaufukia huku na huku. Pembeni alipandisha nguzo iliyoungana na ukuta. Jioni alisukuma kwa bega, na asubuhi kabla ya kuanza alisukuma tena.

Mama Saluni alikuwa anapita na mwavuli wake. Salamu yake ilikuwa fupi. Tofali zake bado zilikuwa getini, nyasi zimeanza kuota katikati, na hakuna fundi mwingine aliyeonekana kuzigusa. Siku moja alisimama.

"Huu ukishamaliza," alisema, "nitakuja kuusukuma mimi mwenyewe."

"Njoo na mashoga zako wote."

"Nitakuja nao," alisema Mama Saluni, na akaenda zake.

Kozi ya mwisho ilipolala, jambo moja lilibaki, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Mke wa Fundi aliingia kwa Bibi na ndoo mkononi.

"Mama, lazima niumwagilie ukuta. Asubuhi na jioni, hata kama kuna mvua nje, kwa sababu turubai linauzuia. Saruji haikauki kama nguo. Inakunywa maji ndipo inakuwa jiwe. Ikinyimwa inakuwa ule mchanga ulioushika."

Bibi alikohoa kwanza, akafuta mdomo.

"Na hayo maji yataenda wapi?"

"Mengine itayameza yenyewe. Mengine yatatoka tukiupa muda, na utahamia ukiwa umekauka. Ya kupanda kutoka chini ndiyo hayatapita."

"Unataka nikae humu kwenye kuvu, nikohoe, huku unaumwagia maji ukuta wangu."

"Ndiyo, Mama."

Bibi alijigeuza akatazama upande wa pili. Mkamwana wake akasubiri kidogo, akatoka, akamwagilia peke yake. Alimwagilia jioni ile kwa moyo mzito, akijua kila mmwagiko unasikika chumbani.

Asubuhi aliamshwa na mlio wa maji. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba turubai limepasuka, akatoka mbio bila viatu. Turubai lilikuwa zima. Chini yake alisimama Bibi, shuka la kulalia mabegani, bakuli mkononi, mkono umelowa hadi kwenye kiwiko. Alikuwa anachota na kurusha, anachota na kurusha, kuanzia juu kama alivyowaona wengine wakifanya, na mjukuu wake akimwonesha mahali palipobaki pakavu. Yule ambaye maisha yake yote alikuwa amepigana na tone moja moja la maji, alikuwa anashuka na ukuta kozi kwa kozi, bila kuruka hata moja.

"Mama, utashikwa na kifua."

"Kifua ninacho tayari," alisema Bibi bila kugeuka. "Kalete ndoo nyingine, Fundi. Huku pembeni bado haujashiba."